Ilimu Iliyomo Jikoni: Majaribio ya Kemia kwa Watoto wa Lamu

Aghalabu mzazi akiulizwa na mwanawe maana ya kemia humwelekeza kwa mwalimu wa skuli, ilhali vitu vinavyoibainisha ilimu hiyo vimo jikoni mwake, baina ya kinu na mbuzi ya kukunia nazi: ndimu, siki, magadi, hamira na manjano. Kijitabu hiki kimekusudiwa baba, mama, bibi na dada mkubwa ambao wako radhi kukaa na mtoto baada ya laasiri, wakamdhihirishia kwa macho yale ambayo kitabuni huyahifadhi kwa maneno matupu.

Na tuanze kwa manjano. Koroga kijiko cha manjano ya unga katika maji ya moto kidogo, uchovye humo kitambaa cheupe kikuukuu, kisha ukianike kivulini hata kikauke, maana jua huifisha rangi hiyo. Mtoto na adondoshee upande mmoja maji ya ndimu, na upande wa pili maji yaliyoyeyushiwa magadi, yale yale yatiwayo katika maharagwe magumu. Penye ndimu hapatabadilika kitu. Penye magadi patageuka pekundu, na akipadondoshea ndimu, umanjano utarejea mbele ya macho yake. Ndimu ina asidi, magadi ni alkali, na kila mmoja huvunja nguvu za mwenziwe. Kwa sababu iyo hiyo kanzu iliyomwagikiwa mchuzi hutoka doa jekundu pindi ipakwapo sabuni ya kufulia, jambo ambalo limewashangaza wafuaji wengi, wakaishia kuilaumu sabuni.

Jaribio la pili halifai kumpita mtoto wa Lamu, kwa kuwa ndani yake imo siri ya kuta anamolala. Aokote pwani kombe tupu au kipande cha tumbawe lililokufa (asivunje lililo hai, wala asikwangue ukuta wa jirani), akitie katika bilauri, akimiminie siki hata kizame. Mapovu yataanza kupanda, kwani asidi ya siki huifukuza hewa ya kaboni iliyofungika katika jiwe. Moto nao hufanya vivyo hivyo: mawe ya matumbawe, kama yale yachimbwayo Maweni katika kisiwa cha Manda, yakichomwa tanurini huitoa hewa hiyo yakawa chokaa kali, chokaa ikimwagiwa maji hutokota, na ikisha kupakwa ukutani huinywa tena hewa ile kidogo kidogo, miaka na miaka, hata ikarejea kuwa jiwe. Hivyo ndivyo zilivyopatikana kuta na zidaka za majumba ya Mkomani, katika mji ambao UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001. Mtoto asiguse kamwe chokaa iliyotoka tanurini, kwani huunguza ngozi na kupofua macho. Siki na kombe vyamtosha.

Siku nyingine asugue dele la shaba kwa ukwaju na chumvi, aone kutu ikiyeyuka, kisha alisuuze sana, kwa kuwa uchafu utokao hapo haufai kuingia tumboni. Hamira nayo, ikitiwa katika chupa yenye maji ya uvuguvugu na sukari, italijaza puto lililovishwa mdomoni mwa chupa, kwa hewa iyo hiyo iumuayo mahamri.

Hadhari ni mbili. Dawa ya kung'arishia nguo, ile iitwayo jiki, isichanganywe kabisa na siki wala ndimu, kwani hutoa klorini, nayo ni hewa ya sumu. Wala siki na magadi visifungiwe pamoja katika chupa yenye kizibo, isije ikapasuka. Mtoto akirukiwa machoni na chochote katika hivi, aoshwe papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, kwa muda usiopungua dakika 15, kisha apelekwe Hospitali ya King Fahd mjini Lamu, au, kwa wakaao Siyu, Faza na Kizingitini, kituo cha afya kilicho karibu.