Mpelelezi ni nani? Neno moja na wanawake wa vita

Kifaransa tunachosomea kina espion na espionne. Kiswahili kina mpelelezi peke yake. Neno hili limetokana na kitenzi peleleza: kiambishi m- cha ngeli ya kwanza kinaonyesha mtu, na -i ya mwisho inaonyesha mtendaji, kama katika pika na mpishi. Jinsia haimo. Jasusi, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, nalo halisemi kitu. Tukiongeza kitenzi, "alikamatwa", kiambishi a- kinamfaa mwanamke na mwanamume sawasawa. Kilingala, lugha nyingine ya mitaa yetu hapa Kisangani, ni hivyo hivyo.

Je, hilo ni tatizo? Kwa sarufi, hapana. Kwa historia, ndiyo. Nikisoma "wapelelezi wa Mau Mau", wanaonijia kwanza akilini ni wanaume. Lakini Wambui Otieno, aliyezaliwa mwaka 1936, aliwapelelezea Mau Mau jijini Nairobi katika miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, vita ambavyo Wakenya walikuwa pande zote mbili. Habari nyingine zilitoka kwa watumishi wa nyumbani, watu ambao mabwana zao hawakuwashuku. Baadaye aliwekwa kizuizini Lamu. Nchini Marekani, Juni 1863, habari alizokusanya Harriet Tubman zilisaidia jeshi la Kaskazini kuwakomboa watumwa zaidi ya 700 kando ya mto Combahee.

Kuna jambo la pili, zito zaidi. "Alipeleleza" inataja tendo na wakati wake. "Mpelelezi" inamtaja mtu mzima. Vitani, mama anayevuka mstari wa mapigano kutafuta mihogo anaweza kupewa jina hilo na askari bila kupeleleza chochote, na jina hilo likatosha kumuua.

Wazee wanaokumbuka mwaka 1964, Simba walipouteka mji huu ungali ukiitwa Stanleyville, wanazidi kupungua. Wanaokumbuka siku sita za Juni 2000 bado ni wengi. Kwa wenzangu tunaonakili na kutafsiri masimulizi yao, napendekeza mambo mawili. Kwanza, tukisikia "mpelelezi", tuulize: mwanamke au mwanamume? Pili, tuulize: nani alimwita hivyo, na yeye mwenyewe alifanya nini hasa? Jibu hilo tuliandike kwa kitenzi.