Dondoo Muhimu: Seva ya Barua Ikizuiwa Pasi na Hatia
Barua pepe zako zikirejeshwa na kampuni kubwa ya barua, hali wewe hujapata kutuma barua taka hata siku moja, usikimbilie kulalama kabla ya kuisoma ilani ya marejesho, maana siri yote imo humo: nambari inayoanza na 4 huashiria kizuizi cha muda, na seva itajaribu tena yenyewe; ilhali inayoanza na 5, mathalani 550, ni katazo hasa.

Tahakiki kwanza nyumbani kwako. Je, anwani ya IP, ikiulizwa kinyumenyume, yataja jina lile lile la seva? Rekodi za SPF, DKIM na DMARC zi sahihi? Hayo yote yakiwa sawa, aghalabu mkosaji ni jirani uliyepangishwa naye safu moja ya anwani, nawe wabeba lawama zake. Nami yalinifika hayo; siku tatu nilimtuhumu fundi wangu bure.

Ukiisha kujiridhisha, ndipo ujaze fomu ya kuomba kizuizi kiondolewe, ukitaja anwani ya IP, saa kamili, na maneno ya ilani bila kuyafupisha. Jibu la kwanza mara nyingi huandikwa na mashine, nalo hukataa. Lijibu lilo hilo kwa adabu, ukiomba binadamu alitazame ombi lako.