FUNDISHO LA BIOLOJIA: AKWARIOMU NDOGO YA MAJANI NA KAMBA



Katika fundisho hili tunataka kueleza namna ya kutengeneza akwariomu ndogo, ni kusema chombo cha kioo chenye maji, mchanga na majani, ambamo kamba wadogo wa maji matamu wanaweza kuishi. Kamba hao ndio wale ambao vitabu vya shule vinawaita kreveti. Sisi tunaokaa kando ya Ziwa Tanganyika tuko nao kila siku, lakini ni wachache kati yetu waliokwisha kuwaangalia vizuri.

Wengi wanafikiri kazi kubwa ni kupata kioo na kukamata kamba. Hapana. Kioo kinaungwa kwa siku moja, kamba wanakamatwa kwa saa moja. Kazi kubwa ni kungoja majuma matano pasipo kutia nyama hata mmoja ndani. Hiyo ndiyo inashinda watu. Akwariomu nyingi zinakufa kabla ya mwezi kwisha, na si kwa njaa, bali kwa sumu isiyoonekana kwa macho. Tukifahamu sumu hiyo inatoka wapi na inaondolewa na nani, tumefahamu fundisho lote.

1. KAMBA WETU NI NANI?

Kamba ni jamaa moja na kaa. Ana miguu kumi ya kutembea na kushika, na mifupa yake iko inje ya mwili, sawasawa na nguo ngumu. Mwaka 1899 mtaalamu mmoja wa Uingereza, William Thomas Calman, aliandika kwa mara ya kwanza juu ya kamba wa Ziwa Tanganyika. Leo tunajua kwamba ziwa letu lina aina zaidi ya kumi za kamba wadogo wa jamaa ya Atyidae ambazo haziko mahali pengine po pote duniani. Mkubwa wao hapiti urefu wa kidole kidogo cha mtoto. Mikono yao ya mbele ina nywele kama brashi: wanafagia uchafu wa kijani juu ya mawe na majani, kisha wanaupeleka kinywani. Ni wafagiaji wa ziwa.

Iko pia kamba wa jamaa nyingine, Macrobrachium, wenye mikono mirefu yenye koleo. Hawa musiwachanganye na wadogo, kwa maana wanawashika na kuwakula.

2. WAZO LA KALE

Mwaka 1771, kule Uingereza, Joseph Priestley alifunika tawi la mnanaa chini ya kioo, katika hewa ambamo mshumaa ulikuwa umezimika. Kisha siku kumi akatia mshumaa tena, ukawaka. Jani lilikuwa limetengeneza hewa. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz, mganga wa Uholanzi, akaonyesha jambo la pili: jani linafanya kazi hiyo katika mwangaza tu. Katika giza linaharibu hewa, sawasawa na nyama.

Halafu mwaka 1850 Robert Warington, mkemia wa London, akaeleza chombo chake cha maji. Alikuwa ametia samaki wawili pamoja na jani la Vallisneria, lenye umbo la utepe mrefu. Majani ya zamani yakaanza kuoza na maji yakachafuka. Warington akaongeza konokono, nao wakala uozo, maji yakawa safi. Ndipo watu walipoona kwamba samaki na jani peke yao hawatoshi. Lazima awepo wa tatu, yule anayeshughulika na takataka. Katika akwariomu yetu, wa tatu huyo ni nani? Tutamwona katika sehemu ya 5.

3. CHOMBO

Tunashauri kioo chenye urefu wa santimetri 40, upana 25 na kimo 25. Tukijaza maji mpaka santimetri 20, tunapata litri 20. Vipande vya kioo cha dirisha cha milimetri 5 vinaungwa na silikoni safi, ile isiyotiwa dawa ya kuua ukungu. Muache ikauke juma moja, kisha mujaze maji na kungoja siku mbili ili muone kama inavuja.

Bokali kubwa ya kioo inaweza kusaidia pia, lakini maji yakiwa machache kila kosa linakuwa kubwa. Vilevile chombo kipana ni bora kuliko chombo kirefu chembamba, maana hewa inaingia kwa uso wa maji.

Litri 20 za maji ni kilo 20, na bado kioo na mchanga. Meza iwe ya nguvu. Chombo kikae karibu na dirisha, lakini jua lenyewe lisikipige. Jua la saa sita linaweza kupasha maji moto mpaka kamba wafe, na maji ya moto yanashika oksijeni kidogo zaidi. Kwenye usawa wa bahari, maji ya digrii 25 yanaweza kushika miligramu 8 hivi za oksijeni kwa litri moja. Kwa digrii 30, ni 7 na nusu tu.

4. MAJI, MCHANGA NA MAJANI

Maji bora ni yale ambamo kamba wenyewe wanatoka. Lakini hapa tunaomba wote wasikie vizuri. Katika maji ya kando, penye majani mengi na konokono, inaweza kuwamo bilharzia. Vijidudu vyake vinatoka katika konokono fulani na kupenya ngozi ya mtu. Basi, mwanafunzi asiende peke yake, wala asisimame ndani ya maji. Muende pamoja na mwalimu, muvae buti za mpira, muteke kwa ndoo yenye kamba ya kuvuta, na kwanza muulize wavuvi kama pale pana mamba.

Mukifika shuleni, muchuje maji kwa kitambaa, muondoe konokono wote na mayai yao yanayonata kama ute chini ya majani, kisha muache maji yakae siku mbili kabla ya kutia mkono ndani. Vijidudu vile visipopata mtu vinakufa katika siku mbili.

Maji ya robine yanaweza kusaidia kama yakikaa ndani ya ndoo wazi mchana na usiku, ili klore itoke. Maji ya mvua yaliyopita juu ya mabati hayafai: hayana chumvi za udongo ambazo kamba anajengea ngozi yake, tena yanaweza kubeba zinki. Na shaba isiingie hata kidogo, wala waya, wala sarafu. Kamba anakufa kwa shaba kidogo sana ambayo samaki angeweza kuivumilia.

Mchanga uoshwe mpaka maji yatoke safi, kisha ulazwe kimo cha santimetri 4. Musitumie sabuni kuosha kitu cho chote, hata ndoo.

Kwa majani, tunapendekeza mawili yanayoota katika ziwa letu. La kwanza ni Vallisneria, lile la Warington. Mizizi yake inazikwa mchangani, lakini shingo ya jani ibaki juu. La pili ni Ceratophyllum, lenye umbo la mkia wa paka; halina mizizi, munaliacha lielee. Mutie mengi tangu siku ya kwanza, hata nusu ya chombo. Juu ya mawe mawili ao matatu ya ziwani yenye utelezi wa kijani, musiyasugue. Ule utelezi ni chakula cha kamba.

5. KUNGOJA

Sasa chombo ni kizuri, na kila mtu anataka kutia kamba leo. Tungoje, na sababu ni hii.

Kila kinachooza majini, kama vile mavi, jani ao mzoga, kinatoa amoniaki. Ni sumu. Katika mchanga na juu ya mawe munaishi mikrobi ambazo zinakula amoniaki na kuigeuza nitriti. Nitriti nayo ni sumu. Lakini mikrobi za pili zinaigeuza nitrati, ambayo haina ukali mwingi, na majani yanaitumia kama mbolea. Mwalimu wa kazi hiyo alikuwa Sergei Winogradsky, Mrusi, aliyezitambua mikrobi hizi karibu na mwaka 1890. Hao ndio wa tatu tuliowatafuta. Ni wadogo sana, lakini bila wao hakuna akwariomu.

Shida ni kwamba wanaongezeka polepole. Wanahitaji majuma manne mpaka sita ili watoshe. Kwa kuwaanzisha, mutie mchanga kidogo wa ziwani usiooshwa, nao pia ukae siku mbili kama maji, na kidokoa kimoja cha unga wa ndakala ili kuwe na kitu cha kuoza. Kisha mutie maji tu pale yanapopunguka.

Sisi watu wa Tanganyika tuna sababu moja zaidi ya kungoja. Maji ya ziwa letu yana pH karibu na 9. Amoniaki ina sura mbili: moja haidhuru sana, nyingine ndiyo inaua. Kwa digrii 25, katika maji ya pH 7, sehemu inayoua haifiki hata 1 kwa 100. Kwa pH 8 ni 5 hivi kwa 100. Kwa pH 9 inapita 35 kwa 100. Uchafu uleule unaovumiliwa katika mto unaweza kuua kamba katika maji ya ziwa. Kwa hiyo mtu asiseme: "Mwenzangu alitia kamba siku ya kwanza na hawakufa."

Mutajuaje kwamba wakati umefika? Maji yanaonekana safi na hayanuki. Majani yametoa machipukizi mapya. Kioo kina utelezi mwembamba wa kijani. Kama laboratwari ya shule ina karatasi za kupima, amoniaki na nitriti zote mbili ziwe sifuri.

6. KUTIA KAMBA

Kamba kumi wanatosha kwa litri 20. Muwatege kwa kichujio kidogo, hapana kwa kipande cha chandarua chenye dawa. Dawa inayoua mbu inaua kamba vilevile, maana miili yao inafanana zaidi kuliko tunavyofikiri. Kwa sababu hiyohiyo, musipulize dawa ya mbu katika chumba cha akwariomu.

Muweke kamba ndani ya ndoo pamoja na maji yao, kisha muongeze kikombe kimoja cha maji ya akwariomu kila dakika kumi, kwa muda wa saa moja. Halafu muwahamishe jioni, bila kumwaga maji ya ndoo ndani.

7. KUTUNZA

Chakula: kipande cha lengalenga lililochemshwa, kisichopita ukucha wa kidole gumba, mara mbili kwa juma. Kikibaki mpaka kesho yake, mukitoe. Siku nyingine wanafagia mawe. Tunaomba darasa lichague mtu mmoja tu wa kulisha. Wanafunzi ishirini wenye huruma, kila mtu na kipande chake, wataua kamba wote kwa juma moja.

Maji: kila juma mutoe litri 2, mutie litri 2 zilizokaa siku mbili.

Ngozi: mara kwa mara mutakuta kamba amelala chini bila kusonga. Musilie haraka. Kama ni mweupe kama kioo na ndani ni mtupu, ni ngozi tu. Mwenyewe amejificha mpaka ngozi mpya ikauke. Muiache, atakula chumvi zake tena. Kama ana nyama ndani na amegeuka mwekundu ao mweupe kama maziwa, amekufa. Mumtoe palepale.

Asubuhi: muangalie kabla ya masomo. Hatuna pampu, na umeme unakatika. Usiku majani nayo yanavuta oksijeni, kama Ingenhousz alivyosema. Kamba wote wakiwa juu karibu na uso wa maji, wanakosa hewa. Muchote maji kwa kikombe, muyamwage tena kutoka juu, mara hamsini, kisha mubadilishe litri 2 na kupunguza chakula.

Likizo: kama hakuna wa kubaki nao, muwarudishe mahali walipotoka, na si katika mto ao ziwa lingine. Katika miaka ya 1958 mpaka 1960 samaki wadogo wa Tanganyika walipelekwa Ziwa Kivu. Leo watu wanawala kwa jina la sambaza na kuwauza, ni faida. Lakini vijidudu vya maji vya Kivu vilibadilika, na hakuna anayeweza kurudisha vile vya zamani.

8. KIOO NA ZIWA

Mtu akiuliza: "Kamba hawaliwi hapa, kazi hii ni ya nini?" tumjibu hivi. Katika litri 20 tunaona kwa siku mbili mambo ambayo ziwani yanachukua miaka. Tukitia chakula kingi, maji yananuka kesho. Tukitia sabuni, kamba wanakufa jioni. Tukimwaga udongo, mawe yanafunikwa, utelezi wa kijani unakosa mwangaza, na mfagiaji anakosa chakula.

Sasa tuangalie milima yetu iliyokatwa miti, na mito inayoshuka myekundu kila mvua ikinyesha. Udongo ule unalala juu ya mawe yaleyale ambapo kamba wanaishi na samaki wanazalia. Ziwa lina kina cha metre 1,470, lakini viumbe wengi wa mawe na majani wako kando tu, palepale tunapofulia nguo. Na katika kioo tunaweza kubadilisha litri 2 kila juma. Ziwani, nani atabadilisha maji?

MASWALI

1. Kwa nini kamba hawatiwi siku ya kwanza, hata kama maji ni safi kwa macho?
2. Maji ya digrii 25 yana miligramu 1 ya amoniaki kwa litri. Ni kadiri gani iko katika sura inayoua, kwa pH 7? Na kwa pH 9?
3. Chombo kina urefu wa santimetri 60, upana 30, na maji ya kimo 25. Ni litri ngapi? Kwa kipimo chetu, kamba wangapi?
4. Namna gani tunatofautisha ngozi na mzoga?
5. Muende pamoja na mwalimu mpaka mto ulio karibu, kabla ya mvua na kisha mvua. Kila mara muteke maji katika chupa, muyaache yatulie mpaka kesho, mupime kimo cha udongo uliolala chini. Muandike hesabu zenu na kuzileta darasani.