Kuongeza Watu Hakumalizi Kazi Mapema: Somo la Uigaji wa Kompyuta

Huduma nyingi za umma, kuanzia ukusanyaji wa ushuru hadi utunzaji wa kumbukumbu za wagonjwa, hutegemea programu za kompyuta. Programu hizo hugharimiwa kwa fedha za wananchi. Zinapochelewa, mwananchi ndiye anayeumia. Mara nyingi tiba inayopendekezwa ni kuongeza mafundi. Je, tiba hiyo huponya?

Mwaka 1975, Frederick Brooks, aliyewahi kusimamia utengenezaji wa mfumo wa OS/360 katika kampuni ya IBM nchini Marekani, aliandika kwamba kuongeza watu katika kazi ya programu iliyokwisha kuchelewa huichelewesha zaidi. Baadaye Tarek Abdel-Hamid na Stuart Madnick waliunda kielelezo cha kompyuta kinachoiga mwenendo wa kazi hiyo, na kitabu chao kilitoka mwaka 1991. Uigaji humwezesha msimamizi kuujaribu uamuzi kabla ya kuulipia.

Mfano wa kubuni utafafanua jambo hili. Mafundi 6 wamebakiwa na sehemu 180 za kazi, na kila mmoja hukamilisha sehemu 10 kwa mwezi. Watamaliza kwa miezi 3. Msimamizi anataka miezi 2, hivyo anaongeza mafundi 3. Kwa hesabu ya kawaida, mafundi 9 watakamilisha sehemu 90 kila mwezi, na lengo litafikiwa.

Uigaji huingiza yaliyosahauliwa. Mwezi wa kwanza wageni wanajifunza tu, na wenyeji 3 wanatumia nusu ya muda wao kuwafundisha; zinakamilika sehemu 45 badala ya 60. Aidha, watu 6 wana jozi 15 za mawasiliano, lakini watu 9 wana jozi 36. Ikiwa mashauriano yatapunguza kazi ya kila mmoja hadi sehemu 8, timu itakamilisha 72 kwa mwezi. Sehemu 135 zilizosalia zitahitaji karibu miezi 2. Siku zilizookolewa hazifiki 5, ilhali malipo yamepanda kutoka mishahara 18 ya mwezi hadi karibu 26.

Matokeo ya uigaji hutegemea ukweli wa takwimu zilizoingizwa. Kwa hiyo, mkazi anapoelezwa katika mkutano wa hadhara kwamba mradi wa programu umeongezewa mafundi, ana haki ya kuuliza: nani atawafundisha, kwa muda gani, na gharama hiyo imehesabiwa wapi?