Samaki wa Tangi na Riziki Yao

SWALI: Ninalo tangi la kioo la lita 100. Je, yamkini samaki wakaishi humo kwa chakula hai, pasi na kununua cha dukani? (Msomaji, Malindi)

JIBU: Yamkini, ndugu yangu, kwa sharti samaki wawe wachache na mimea iwe mingi, kwani kinyesi chao, kikishageuzwa na bakteria, ndicho mbolea ya mimea, na mwanga wa jua ndio uoteshao mwani, ambao huliwa na viroboto-maji, vile vijidudu virukarukavyo majini, navyo vikawa riziki ya samaki. Panda mimea kwanza, usubiri kiasi cha mwezi mmoja, ndipo utie samaki. Viroboto-maji vifuge kando, katika pipa lenye maji yaliyogeuka kijani, maana tangini vitamalizwa kabla ya kuzaana. Viluwiluwi vya mbu navyo ni chakula bora, lakini chombo chake kifunike kwa wavu, wasije wakaruka mbu waenezao malaria.

Tahadhari: usichote maji wala konokono vidimbwini, kwa hofu ya kichocho. Wala samaki wa kigeni usiwamwage humo, kwa sababu vidimbwi vya masika vya pwani yetu vina wenyeji wao, jamii ya Nothobranchius, ambao mayai yao husubiri katika tope kavu hata mvua irejee. Nao wana haki ya kuachiwa makazi yao salama.