Mteja Mkubwa Anapoingia Katika Gridi: Nani Atalipa, na Nani Atazimiwa Kwanza?

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mtumiaji mdogo wa umeme wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria: mwenye nyumba wa Igoma, muuza samaki mwenye friji pale Mwaloni Kirumba, fundi wa kuchomelea wa Nyakato, kinyozi wa Buhongwa. Hakuna kati yao mwenye mpango wa kujenga kituo cha data. Hata hivyo wote wanachota katika gridi moja na mteja atakayekijenga, na maamuzi yanayofanywa juu ya mteja huyo huweza kuonekana katika bei ya uniti zao na katika saa za giza mitaani mwao.

Baada ya kulisoma somo hili, tunatarajia mtumiaji aweze kueleza kwa nini ziada ya umeme nchini haitoshi kumhakikishia umeme nyumbani, na aweze kuuliza maswali ya msingi mteja mkubwa anapotaka kuunganishwa.

1. Kituo cha data na mzigo wake

Kituo cha data ni jengo lenye kompyuta nyingi, ziitwazo seva, zinazohifadhi na kuchakata taarifa. Muamala wa fedha kwa simu, kumbukumbu za benki na majibu ya programu za akili unde hupita katika majengo ya namna hii. Seva hufanya kazi usiku na mchana na hutoa joto jingi, hivyo umeme huhitajika kuziendesha na kuzipoza.

Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba mwaka 2024 vituo hivi vilitumia takriban asilimia 1.5 ya umeme wote duniani, na kwamba matumizi hayo yatazidi mara mbili ifikapo 2030. Wastani huo wa dunia unaficha tofauti kubwa za mahali na mahali. Nchini Ireland, mwaka 2023, vituo vya data vilitumia asilimia 21 ya umeme wote uliopimwa kwa mita, kiasi kilichozidi matumizi ya nyumba zote za mijini nchini humo.

Katika Afrika Mashariki safari ndiyo inaanza. Tanzania ina Kituo cha Taifa cha Data, Dar es Salaam, kinachoendeshwa na TTCL. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na masharti hayo ni sababu mojawapo ya kuhitaji hifadhi za ndani. Nchini Kenya, Mei 2024, kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kituo cha data kitakachotumia umeme wa jotoardhi wa Olkaria, kikianza na megawati 100 na kukusudia kufikia megawati 1,000. Mwaka 2025 mahitaji ya juu kabisa ya umeme ya Kenya nzima yalikuwa kiasi cha megawati 2,400. Mteja mmoja, basi, angeweza kuhitaji zaidi ya theluthi moja ya kiasi hicho.

Kanda ya Ziwa nayo inawafahamu wateja wakubwa tangu zamani: migodi ya dhahabu, viwanda vya minofu ya sangara, na mitambo ya Ihelele inayosukuma maji ya ziwa kuelekea Shinyanga na Kahama. Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, yenye urefu wa kilomita 341, imesanifiwa kuendeshwa kwa umeme. Kanuni tutakazozieleza zinawahusu wote hao.

2. Umeme upo nchini. Je, umefika Mwanza?

Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha mwaka 2024, na mwaka 2025 mitambo yote ilikuwa imekamilika. Uwezo wa nchi wa kuzalisha umeme umepita sasa mahitaji yake ya juu. Ni jambo la kujivunia, na ndilo linalowafanya wawekezaji waulize habari za umeme wetu.

Lakini umeme unaozalishwa Rufiji haujafika Nyamagana kwa sababu tu umezalishwa. Huupandisha msongo, huusafirisha katika njia kubwa, huupoza katika vituo, ndipo hugawanywa mitaani. Uti wa mgongo wa safari hiyo kwa upande wetu ni njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, kilomita 670. Kutoka Shinyanga hadi Mwanza umeme husafiri kwa kilovolti 220. Kila hatua ina kikomo cha mzigo inaoweza kubeba, na kadiri safari inavyorefuka ndivyo umeme mwingi zaidi unavyopotea njiani.

Machi 2025 Serikali ilieleza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, ilhali nchi ilikuwa na ziada. Wengi walishangaa. Sababu iliyotolewa ilikuwa upotevu wa umeme katika safari ndefu kutoka kusini na mashariki. Mtumiaji akilielewa hilo, amelielewa somo hili kwa nusu: pamoja na kuuliza nchi ina megawati ngapi, yafaa kuuliza njia, kituo cha kupoza na transfoma inayotuhudumia vina nafasi kiasi gani.

3. Bei ya mkubwa na bei ya mdogo

Tuchukue mfano wa kituo cha data cha wastani kinachotumia megawati 5 bila kupumzika. Kwa mwezi wa siku 30 kitatumia uniti 3,600,000. Nyumba inayotumia uniti 75 kwa mwezi ingehitaji wenzake 47,999 ili kufikia matumizi hayo.

Kwa mujibu wa agizo la bei lililoanza kutumika Aprili 2016, mteja wa kundi la T1, kama vile kinyozi wetu, hulipa shilingi 292 kwa uniti. Mteja aliyeunganishwa katika msongo wa kati hulipa shilingi 157 kwa uniti, pamoja na shilingi 13,200 kwa kila kVA ya kiwango cha juu alichofikia ndani ya mwezi. Kwa kituo chetu, uniti zingegharimu shilingi 565,200,000, na tozo ya kiwango cha juu isingepungua shilingi 66,000,000. Ukijumlisha na kugawanya, kila uniti inamgharimu takriban shilingi 175 kabla ya kodi.

Kwa nini mkubwa alipe kidogo kwa uniti? Hoja zipo, nazo ni za kweli. Huchukua umeme kabla haujapita katika transfoma na nyaya za mitaani, hivyo upotevu ni mdogo. Transfoma za ndani ni zake. Matumizi yake hayapandi na kushuka, na nchi yenye ziada hunufaika kwa mteja anayenunua hata saa nane za usiku, kwa kuwa gharama za mitambo iliyokwisha kujengwa hugawanywa kwa uniti nyingi zaidi. Mteja mkubwa, basi, aweza kuupunguza mzigo wa mdogo. Aweza pia kuuongeza, na kinachoamua ni masharti aliyopewa siku ya kuunganishwa.

4. Gharama ya njia mpya

Tuseme mteja anaomba megawati 20. Shirika la umeme linajenga njia, linapanua kituo cha kupoza, linaongeza transfoma. Miaka 2 baadaye mteja anatumia megawati 5 tu, au amefunga na kuondoka. Njia haiwezi kurudishwa dukani. Gharama yake isipolipwa na aliyeiomba, itaingia katika hesabu za shirika, na hesabu hizo ndizo EWURA inazopitia inapopanga bei za wateja wote.

Jimbo la Ohio, Marekani, lilikabiliana na hatari hiyo. Julai 2025 mdhibiti wake aliidhinisha masharti kwamba vituo vikubwa vipya vya data katika eneo la kampuni mojawapo ya umeme vilipie angalau asilimia 85 ya kiwango vilichoomba, hata vikitumia pungufu, kwa muda wa hadi miaka 12. Maana yake ni rahisi: anayeagiza sahani kubwa ailipie, hata akiibakiza.

5. Nani azimiwe kwanza

Umeme unapopungua, laini huzimwa kwa zamu. Mtaa hauna jenereta. Kituo cha data huwa nayo, pamoja na betri, kwa kuwa hakiwezi kufanya kazi bila akiba hiyo. Kwa hiyo mwenye uwezo wa kujitegemea kwa saa chache ni yule mkubwa.

Kwa mji wa Mwanza jambo hili lina uzito wa pekee. Maji ya ziwa hupandishwa milimani kwa pampu. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, mabomba ya kwenye miinuko ya mawe hukauka kabla ya yale ya bondeni. Samaki aliye kwenye friji hasubiri. Mgao wa saa 6 kwa kituo chenye jenereta ni gharama ya mafuta. Kwa mama muuza sangara ni mtaji uliooza.

Jimbo la Texas lilitunga sheria Juni 2025 inayowataka wateja wapya wakubwa, wa kuanzia megawati 75, wawe tayari kupunguziwa umeme au kuhamia kwenye mitambo yao gridi inapokuwa katika dharura. Sharti kama hilo ni rahisi kuandikwa katika mkataba kabla ya kuunganishwa, na ni gumu sana kuongezwa baadaye.

6. Funzo la ziwa lenyewe

Mwambao huu uliwahi kuona gharama ya umeme ikimwangukia asiyeutumia. Bwawa la Owen Falls la Jinja, Uganda, sasa likiitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, nalo hutawala maji yanayotoka ziwani kwenda Mto Nile. Palikuwa na makubaliano kwamba maji yanayoachiliwa yafuate kiasi ambacho mto ungetoa kwa hali yake ya asili. Kati ya 2004 na 2006, mahitaji ya umeme yakiwa makubwa na ukame umeingia, maji yaliachiliwa kupita kiasi hicho. Ziwa lilishuka hadi kina ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi. Mialo ilibaki mbali na maji katika nchi zote tatu, pamoja na watu ambao hawakuwasha hata taa moja kwa umeme wa Jinja.

Makubaliano yalikuwepo. Kilichokosekana ni usimamizi wake wakati shida ilipobisha hodi.

7. Mtumiaji afanye nini

Sheria inaitaka EWURA kufanya taftishi kabla ya kubadili bei, na katika mikutano ya taftishi mwananchi yeyote aweza kutoa maoni kwa mdomo au kwa maandishi. Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, lipo kuwasemea wasioweza kufika. Tunashauri haya:

(a) Soma matangazo ya maombi ya bei, na uulize ni kiasi gani cha gharama kinatokana na kuwaunganisha wateja wakubwa.

(b) Pale mradi mkubwa unapotangazwa, uliza maswali manne. Nani analipia njia na transfoma? Akitumia pungufu au akiondoka, nani anabaki na deni? Katika upungufu, nani anazimiwa kwanza? Maji ya kupozea yanatoka wapi na yanarudi wapi?

(c) Tunza risiti za LUKU, na uandike tarehe na saa za kila kukatika kwa umeme. Daftari la mtaa mzima lina nguvu kuliko malalamiko ya mtu mmoja yasiyo na tarehe.

(d) Peleka lalamiko kwanza katika ofisi ya TANESCO iliyo karibu, na udai namba ya kumbukumbu. Usiporidhika, nenda EWURA Kanda ya Ziwa, jijini Mwanza.

Mteja mkubwa anastahili kukaribishwa, kwa sharti kwamba masharti yake yajulikane mapema. Waya ukishafungwa, mazungumzo huwa ghali.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mtaa wenu, umeme ukikatika kwa saa 6, nani hupoteza nini? Orodhesheni.
2. Kwa nini nchi yenye ziada ya umeme inaweza kuwa na mji wenye upungufu?
3. Mngeweka sharti gani la kwanza katika mkataba wa mteja wa megawati 20 anayetaka kujenga Mwanza?