Masika yanakuja, na mwanangu hatembei

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mpangaji hapa Kigogo, chumba na sebule, si mbali na Mto Msimbazi. Wa kwanza ana miaka tisa. Ana mtindio wa ubongo na kifafa. Hatembei, hasemi, na mwili wake hukakamaa. Wa pili ana miaka miwili. Baba yao ni mlinzi wa usiku.

Masika yaliyopita maji yaliingia ndani usiku wa manane, nikiwa peke yangu. Nilimnyakua mdogo nikampeleka kwa jirani mwenye nyumba iliyoinuka, yule mkubwa nikamwacha kitandani. Niliporudi maji yalikuwa yameshagusa godoro, naye ananitazama tu. Tulitoka salama, lakini dawa zake na kadi ya kliniki vilikwenda na maji. Alikaa bila dawa, kifafa kikamshika mfululizo mpaka tukalazwa.

Tangu hapo mvua ikinyesha silali. Nikimwambia mume wangu tupange la kufanya, anasema najitabiria mabaya. Mama mkwe anataka mtoto apelekwe bweni. Nina dada Kimara, ila naona haya kumwomba, maana watu wanamwogopa mwanangu anapoanguka. Je, nilikosea kumtanguliza mdogo? Na nifanye nini kabla mvua hazijaanza?

Mama wa Wawili, Kigogo, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu,

Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Hukukosea. Mtoto wa miaka miwili hakai alipowekwa. Angeteremka kitandani akufuate, na maji yangemchukua. Kaka yake alibaki pale ulipomwacha, nawe ukamrudia. Kinachoniuma mimi ni kwamba katika nyumba nzima ya wapangaji hapakuwa na mtu wa pili aliyejua kuwa maji yakija usiku, kuna mtoto wa kwenda kumbeba.

Hapo ndipo pa kuanzia. Wengi wakisikia maandalizi ya dharura wanawaza begi. Begi utaandaa, lakini begi halimbebi mtoto. Unahitaji watu wawili unaowajua kwa majina, wanaolala hapo hapo jirani: mmoja wa kusaidiana nawe kumbeba mkubwa, mwingine wa kumshika mdogo. Nenda kwa yule jirani aliyekupokea, maana hali yako ameshaijua, na umwombe na kijana mmoja mwenye nguvu. Waite siku ya jua, wakae na mwanao, wamzoee. Waonyeshe la kufanya kifafa kikimshika: alazwe ubavu, asitiwe kitu chochote mdomoni, asikandamizwe, mtu atazame saa, na zikipita dakika tano hajatulia akimbizwe hospitali. Wengi humwogopa kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaelekeza.

Kisha wafundishe kumbeba. Mtoto anayekakamaa ukimwinua kwa kumvuta mikono, mwili wote hunyooka kama ubao akakuponyoka. Wewe unajua, umembeba miaka tisa: unamkunja kwanza nyonga na magoti, mwili unalegea, ndipo unamnyanyua akiwa ameketi mikononi mwako, kichwa kimeegemea bega. Wao hawajui. Wafanye hivyo mbele yako, tena na tena. Wajaribu na kumfunga mgongoni kwa kitenge kizito, ili mkono mmoja ubaki huru wa kushika ukuta. Tembeeni njia yote kutoka mlangoni hadi kwa yule jirani wa nyumba iliyoinuka, na muutie akilini kila mtaro ulio wazi, maana maji yakishafunika, mtaro na njia havitofautiki. Naye mwenyewe mweleze nini kitafanyika, nani atamchukua, na kwamba mama anafuata. Kutosema si kutoelewa.

Lakini lengo letu ni asivuke maji kabisa. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu. Mvua kubwa ikipiga huko, mto unaweza kufurika Kigogo wakati juu ya paa lako hakuna hata manyunyu, kwa hiyo usipime hatari kwa mvua unayoiona dirishani. Fuatilia matangazo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Jirani asiye na mtoto kama wako anaweza kungoja aone. Wewe ukisikia rangi ya chungwa kwa Dar es Salaam, unahama mchana huo huo, kabla baba hajaenda lindoni, unakwenda Kimara. Mvua isipokuja, mmepoteza nauli. Najua nauli ni pesa. Anza kuiweka pembeni kidogo kidogo tangu sasa.

Kwa hiyo dada ni lazima aambiwe, na aambiwe leo. Usimwambie "tukipata shida tutakuja", maana kwa maneno hayo utaona haya tena siku yenyewe. Mwambie wazi: usiku mmoja au mitatu, kona ya sebule, unga wa uji nitakuja nao, kifafa kikimshika nitakuwepo. Akikataa, heri ujue sasa tutafute kwingine kuliko kujua mvua ikiwa imeshaanza.

Sasa dawa. Vidonge vya kifafa vikikatwa ghafla kifafa hurudi kwa nguvu, na ndicho kilichompata mwanao. Usingoje kidonge cha mwisho ndipo uende kliniki. Mweleze mhudumu kwamba unaishi bondeni na umwombe akiba ya wiki mbili kabla ya Machi. Kila ukipewa mpya, tumia kwanza zile za zamani. Akiba ikae kwenye kopo la plastiki la kukaza, ndani ya ndoo yenye mfuniko, juu mahali maji hayafiki. Dawa iliyoguswa na maji ya mafuriko usimpe. Kadi ipigwe picha, ikae kwenye simu yako, ya mumeo na ya dada, jina la dawa na miligramu zikisomeka vizuri. Humo ndooni weka pia kikombe na kijiko alivyozoea, nepi, nguo kavu na tochi. Na mshonee ndani ya shati kitambaa kilichoandikwa kwa wino usiofutika: jina lake, hasemi, ana kifafa, dawa anayotumia, alishwe akiwa ameketi wima, na simu za watu watatu. Mkitenganishwa, mgeni asimlaze chali akampa wali mkavu, atapaliwa.

Nenda pia kwa mjumbe na kwa mwenyekiti wa mtaa, jina la mwanao liandikwe miongoni mwa wa kuondolewa mapema. Huombi fadhila. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na kifungu cha 11 kinaitaka serikali iwalinde wakati wa maafa. Muulize mwenyekiti ni shule ipi itapokea watu wa bondeni, na kama mtoto wa kubebwa anaweza kufikishwa chooni.

Bweni si dawa ya mafuriko. Oktoba 2022 moto uliteketeza bweni la Shule ya Wasioona ya Salama, Mukono, Uganda, wakafa 11, wengi wao watoto. Shule nzuri inaweza kumfaa mwanao kwa ajili ya masomo, sipingi. Lakini kabla hujamkabidhi uliza nani analala na watoto, funguo za usiku anashika nani, madirisha yana nondo, na asiyetembea analazwa karibu na mlango au mwisho kabisa. Wakibabaika, rudi naye nyumbani.

Kuhusu baba yao, mimi nahisi ni woga kuliko imani. Anaondoka kila jioni akijua kwamba likitokea la kutokea hatakuwepo, na kulizungumza kunamuumiza. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini hapa, na hayakuletwa na mama aliyepanga mapema. Usibishane naye. Mpe kazi: atafute mahali pa kutundika ndoo, awaonyeshe wale majirani swichi kuu ya umeme ya kuzimwa kabla maji hayajafika kwenye soketi, aandike 114, namba ya zimamoto, ukutani. Halafu mwambie yeye ndiye atakayemfundisha yule kijana kumbeba mwanawe.

Ukishaongea na dada, niandikie amesema nini.

Shangazi